Wenzetu Walivisha Nyumba Sweta, Eastlands Ikavisha Jiko

Julai ikifika Nairobi, simu yangu hujaa video za aina moja. Mwanaume wa Marekani amevaa suti nyeupe na barakoa, ameshika mpira mrefu, anapuliza kitu kama uji kwenye ukuta. Sekunde chache tu na ule uji umefura ukawa povu gumu. Halafu anageukia kamera na kusema bili ya kupasha nyumba joto imeshuka. Mwaka huu wasee watatu wamenitumia video za namna hiyo wakiuliza swali moja: hii kitu ikiletwa Umoja, ikiletwa Kayole, si bili zetu pia zitashuka? Mmoja wao ana keja ya orofa ya juu kabisa Dandora, paa ni mabati, na anasema asubuhi huamka akidhani yuko Limuru.

Jibu langu ni hapana, na si kwa sababu povu lenyewe ni ghali. Lile la mkebe mbona lipo hapa, mafundi hulitumia kuziba nafasi kati ya ukuta na fremu ya mlango. Sababu yangu ni ya kihistoria. Hili swali la joto tunalolilipia na kisha likatoroka, Eastlands ilishalijibu zamani, miaka arobaini hivi iliyopita, na jibu lilitengenezwa kwa nyundo pale Shauri Moyo. Shida ni kwamba hatukufundishwa kuliona kama jibu. Tunaliona kama jiko.

Kwanza tuelewane kuhusu pesa zinaenda wapi. Nyumba ya mtu wa Ohio au Manchester hutumia sehemu kubwa kabisa ya nishati yake kupasha hewa. Nje kuna barafu, ndani wanataka kukaa na fulana. Kwa hiyo ukuta ukivuja joto, pesa zinavuja. Sasa angalia bedsita ya kawaida ya Eastlands. Tokeni za stima zinaenda kwa balbu, tivi, simu, pasi, friji kwa waliobahatika, na shawa ya moto kwa wale ambao mwenye ploti ameruhusu. Baada ya hapo kuna gesi, au makaa, au mafuta ya taa. Hakuna mtu analipa kupasha hewa ya nyumba. Joto tunalonunua kwa pesa taslimu, karibu lote, linakaa chini ya sufuria. Usiku wa Julai hapa hushuka hadi digrii 11 au 12, na ni baridi kweli, lakini dawa yake kwa wengi wetu ni blanketi na sweta, na hizo hazina bili.

Na nyumba zenyewe zilijengwaje? Hapo kuna historia ambayo huwezi kuisoma kwenye video ya povu.

Pumwani ndiyo ya kwanza kukumbuka, mtaa ambao serikali ya kikoloni iliutenga kwa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Watu walipewa viwanja wajijengee, kwa hiyo wakajenga nyumba za Kiswahili: fito, udongo, vyumba kila upande wa ukumbi. Paa nyingi zilikuwa za madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kugongwa yakawa bapa. Mimi napenda sana hiyo picha. Mafuta yanawaka kwenye taa, yakiisha, debe lenyewe linapanda juu kuwa paa. Ukuta wa udongo ni mnene na hauna haraka, huchelewa kupata joto mchana na huchelewa kulipoteza usiku. Debe ni kinyume chake. Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na ukuta wa hekima na paa la wazimu, na wapangaji waliishi katikati.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kikabomolewa, watu wakaelekezwa Shauri Moyo. Jina lenyewe, wazee husema, lilitokana na hao hao: kuhamia huko ni shauri la moyo wako. Kaloleni ikaja miaka ya 1940, kuta za mawe, vigae, bustani katikati, kwa sababu wakati huo mabwana walikuwa wameanza kuamini kwamba mfanyakazi wa mjini anaweza kuwa na familia. Miaka ya 1950 zikafuata Bahati, Maringo, Mbotela na Ofafa. Hizi mbili za mwisho zina majina ya viongozi waliouawa siku za Hali ya Hatari, Tom Mbotela na Ambrose Ofafa. Baada ya uhuru tukapata Buruburu ya wenye mkopo wa nyumba, Umoja iliyojengwa kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani, na Dandora, ambako Benki ya Dunia mwaka 1975 ilikubali kufadhili viwanja 6,000 vyenye maji na choo, mengine ujijengee mwenyewe. Ndiyo maana Dandora ina kila aina ya ukuta na kila aina ya paa.

Kitu kimoja kinaziunganisha karibu nyumba zote za mawe: vitundu vya hewa. Angalia juu ya dirisha lako. Sheria za ujenzi za 1968 ziliagiza chumba cha kuishi kiwe na tundu la hewa la kudumu, tundu ambalo huwezi kulifunga kama dirisha. Mhandisi wa povu akiliona hilo tundu atalia machozi. Umetoboa nyumba makusudi! Lakini tundu lina sababu yake. Likumbuke, nitalirudia huko mbele, kwa sababu kuna watu hufa kwa kulisahau.

Sasa twende 1973.

Oktoba mwaka huo nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati, na katika miezi michache bei ya pipa ikapanda karibu mara nne. Dunia nzima ikashtuka, na hapo njia mbili zikaachana.

Njia ya kwanza ilikuwa ya nchi za baridi. Februari 1977 Rais Jimmy Carter alitokea kwenye televisheni amevaa sweta, akawaomba Wamarekani wapunguze joto ndani ya nyumba. Mwaka uliofuata Bunge lao likatoa nafuu ya kodi kwa anayeziba nyumba yake isivuje joto. Povu lilikuwepo tayari. Otto Bayer na wenzake Ujerumani walivumbua kemia ya poliurethani mwaka 1937. Lakini bei ya mafuta ndiyo iliyolipa soko. Kanada nayo ikaanza kuwalipa watu ruzuku wazibe nyumba, na maelfu wakachagua povu jingine la bei nafuu, lenye formaldehaidi, likapulizwa ndani ya kuta. Watu wakaanza kulalamika macho na pua zinawasha, na Desemba 1980 serikali ile ile iliyolipa ikalipiga marufuku. Povu la siku hizi ni kitu tofauti, nisiwadanganye. Lakini hata hili la sasa lina kesi zake: Uingereza kuna benki zinazokataa kutoa mkopo kwa nyumba ambayo dari lake limepuliziwa, kwa sababu mbao za paa zikianza kuoza chini ya povu huwezi kuziona. Na likishika moto, moshi wake ni sumu. Kule Marekani sheria inataka lifunikwe na bodi ya jasi kabla mtu hajaishi humo. Hebu fikiria Mukuru, nyumba zimebanana, mshumaa umeanguka, na kuta zote ni povu.

Njia ya pili ilipita kwetu. Kenya ilikuwa inaagiza mafuta yake yote kutoka nje, na mji ulikuwa unafura kila mwaka. Mafuta ya taa yakipanda bei, watu hurudi kwa makaa. Mwaka 1975 mtafiti Mmarekani, Eric Eckholm, aliandika ripoti akisema kuna shida nyingine ya nishati ambayo magazeti hayaioni, nayo ni ya kuni. Kwetu hesabu yake ni mbaya kuliko inavyoonekana. Makaa yanachomwa kwa tanuri la udongo huko Kitui, Kajiado au Narok, na ili kupata kilo moja ya makaa unaweza kuteketeza kilo sita za kuni au zaidi. Kwa hiyo kila kipande cha makaa kinachopotea kwenye jiko la Kaloleni ni mti uliopotea mara kadhaa.

Na jiko lenyewe lilikuwa linapoteza kweli kweli. Jiko la chuma la zamani, lile la mviringo la mabati ya pipa, inasemekana lililetwa na mafundi wa Kihindi waliojenga reli, ile reli iliyofika Nairobi 1899. Liangalie vizuri uone lilivyo. Ni ngozi moja ya bati kati ya moto na hewa. Likiwaka, ubavu wake unakuwa mwekundu, na ukikaa karibu unaota miguu. Watu waliopima walikuta kwamba nusu ya joto au zaidi inatoka ubavuni. Inayofika kwenye sufuria ni kama asilimia 10 hadi 20 tu. Yaani mama anayenunua makaa ya shilingi mia, anapikia shilingi ishirini kwenda chini. Zilizobaki anapasha hewa ya uani.

Hapo ndipo unaona kwamba Mmarekani wa Ohio na mama wa Shauri Moyo walikuwa na shida moja. Wote walinunua joto, wote likatoroka kupitia ukuta mwembamba. Tofauti ni kwamba ukuta wa Mmarekani ulikuwa wa nyumba, na ukuta wa mama ulikuwa wa jiko.

Mwanzo wa miaka ya 1980 Wizara ya Nishati, kwa pesa za USAID, ilianza mradi wa kutafuta jiko bora. Agosti 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mbadala, kwa hiyo wakubwa wote walikuwa wanazungumzia jambo hili. Jina linalotajwa zaidi katika usanifu ni la Maxwell Kinyanjui. Wazo la msingi lilitoka Thailand, ambako watu walipikia jiko la umbo la ndoo lenye kikombe kizito cha udongo ndani. Mafundi wa bati wa Shauri Moyo walikuwepo tayari, wakigonga mapipa chakavu kuwa majiko, karai na masanduku. Shirika la Shirikisho, KENGO, ambalo lilikusanya mashirika yasiyo ya serikali yanayoshughulika na nishati, likaingia kwenye mafunzo na kutangaza.

Lakini usifikiri lilifaulu siku ya kwanza. Majiko ya mwanzo yalikuwa na udongo kutoka juu mpaka chini, yakawa mazito, yakawa bei, na udongo ukapasuka. Mafundi wengine waliona kuna doo, wakaharakisha, wakauza takataka. Na ndoo ya Thailand ni nyembamba chini. Kwa wali sawa. Ugali je? Ukisonga ugali wa watu wanane unaliegemea jiko kwa mwili wote, na jiko la ndoo linapinduka. Akina mama waliopewa ya kujaribu walisema hivyo, na umbo likabadilika. Ndiyo maana jiko unalolijua wewe lina kiuno. Juu ni pana, katikati limebanwa, chini limetanuka kama sketi. Udongo unakaa nusu ya juu tu, pale moto ulipo, na kiuno ndicho kinaushikilia. Nusu ya chini ni ya majivu na ya kusimama imara.

Kuna kitu kingine ambacho hakionekani, na ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Kati ya udongo na bati kuna tabaka la katikati. Mwanzoni lilikuwa simiti iliyochanganywa na vemikulaiti. Hiyo ni madini ambayo ukiyachoma yanafura, yanajaa hewa ndani, yanakuwa mepesi kama bisi. Hewa iliyofungwa ndani ya kitu kigumu haipitishi joto kwa urahisi. Sasa niambie, povu la yule mzungu wa video ni nini? Ni hewa iliyofungwa ndani ya kitu kigumu. Kazi ni ile ile kabisa! Tofauti ni kwamba la kwetu haliungui, na liliwekwa mahali pesa zinapovuja.

Matokeo yalipimwa. Jiko jipya lilipeleka kama asilimia 25 hadi 40 ya joto kwenye sufuria. Makaa yakapungua kwa theluthi, wengine nusu. Tuseme nyumba ilikuwa inanunua makaa ya shilingi 100 kwa siku kwa bei za leo. Ikipungua hata theluthi, ni kama shilingi 1,000 kwa mwezi, na jiko limejilipa kabla mwezi haujaisha. Mwanasayansi Daniel Kammen aliandika katika Scientific American mwaka 1995 kwamba jiko hili lilikuwa tayari ndani ya zaidi ya nusu ya nyumba za mijini Kenya. Bei yake ilikuwa imeanguka sana tangu lianze, kwa sababu hakuna aliyelifungia hataza. Fundi yeyote angeweza kuliiga, na wakaliiga mpaka likawa rahisi. Likavuka mipaka, Uganda, Tanzania, Rwanda, Ethiopia, kila nchi ikalibadilisha kidogo na kulipa jina lake.

Hii ndiyo sehemu inayonikera. Kitabu cha shule kilinifundisha James Watt na kettle yake. Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba pale ninapopita na matatu ya Jogoo Road, kwenye ile kelele ya nyundo, kulitoka kifaa cha kupunguza matumizi ya nishati ambacho wanasayansi wa Marekani walikuja kukisoma. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilisema wazi kwamba hawa mafundi wa nje ni uchumi halisi. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, akawaona wakifanya kazi juani, na vibanda vya paa vikafuata. Hapo ndipo jina jua kali lilipopata heshima ya serikali. Lakini heshima si malipo. Kukosa hataza kulimfaidi mnunuzi, na ni vizuri, ila fundi alibaki na faida ya shilingi chache kwa jiko moja, miaka 40 mfululizo, na masikio yake yameharibika. Ukiongea naye lazima upige kelele. Mimi sisemi tungelifungia. Nasema wenye majina kwenye ripoti ni wachache, na wenye nyundo ni wengi.

Sasa lile tundu.

Miaka michache nyuma, Julai, kwenye ploti tuliyokuwa tunaishi, mama mmoja wa orofa yetu alimaliza kupika githeri, na makaa yalikuwa bado mazuri. Baridi ilikuwa kali na mtoto alikuwa na kikohozi. Akaingiza jiko ndani, akafunga mlango. Tundu la juu ya dirisha alikuwa ameliziba na sweta kuukuu tangu Juni, kama sisi wengine wote kwenye ile ploti. Saa nne usiku mtoto mkubwa alitoka kwenye korido akitapika, hawezi kusimama. Keretaka ndiye aliyeingia akawatoa wengine wawili. Walipona wote. Shosho wa chini, ambaye amekaa Eastlands tangu wakati wa Kenyatta wa kwanza, alisema neno moja tu: "Mungu ametuonea huruma, lakini nyinyi vijana toeni hizo nguo kwa ukuta." Usiku huo huo kila mtu akapanda kiti akazibua.

Wengine hawaponi. Kila msimu wa baridi tunasoma habari zao. Makaa yanayong'aa bila moshi ndiyo yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi kwa wingi, na haina rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni, mtu anasikia usingizi mtamu, basi. Na sikiliza hapa vizuri: jiko lenye udongo halikuokoi. Linapunguza makaa, halizuii hiyo gesi. Tena kwa sababu linashika joto muda mrefu, watu hulipenda zaidi chumbani.

Kwa hiyo mtu akiniambia tulete utamaduni wa kuziba nyumba zote za Eastlands zisivuje hewa, mimi namuuliza kwanza kama ameondoa moto ndani. Nyumba ya Ohio iliyozibwa hupasha kwa mtambo wenye bomba la kutoa moshi nje. Yetu hupasha kwa jiko lililo wazi katikati ya chumba, watu wanne wamelala. Ukiziba hiyo umejenga chupa na watu ndani.

Nakubali kuna mahali msee wangu wa Dandora ana haki. Chini ya mabati, Februari ni tanuri na Julai ni friji, na dari lingemsaidia. Watu wa Mukuru na Korogocho walilijua hilo bila kuambiwa, ndiyo maana ukiingia unaona kuta za ndani zimepigwa katoni, kwa sababu katoni nayo ina hewa katikati. Nafuu kweli, ingawa nayo ni chakula cha moto. Dari la bodi ya jasi ni bora, na hilo ni la mwenye ploti kulipa, kodi anachukua kila tarehe 5. Mpangaji hana sababu ya kumboreshea mtu jengo kisha mwaka unaofuata apandishiwe kodi kwa sababu sasa nyumba ni nzuri.

Na kama hoja yako ni bili, basi angalia bei zilivyopelekwa huku na huku na watu wasiopikia jiko. Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji miti, makaa yakapaa. Septemba mwaka huo huo mafuta ya taa yakawekewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, eti kuzuia wanaoyachanganya na dizeli. Julai 2021 gesi ikarudishiwa VAT ya asilimia 16, 2022 ikashushwa hadi 8, 2023 ikaondolewa. Mtu wa Eastlands alifanya nini? Alifanya kile ambacho kila nyumba hufanya: mtungi wa kilo 6 kwa chai na mayai, makaa kwa maharagwe na githeri, na ikibana sana, mafuta ya taa. Hakuna aliyehama kabisa kutoka kimoja kwenda kingine. Jiko bado liko chini ya kitanda au kwenye balkoni, hata kwa wenye gesi.

Kwa maharagwe kuna mbinu ya kale ambayo maafisa wa uchumi wa nyumbani walikuwa wakiwafundisha akina mama vijijini, ya kikapu kisicho na moto. Unachemsha dakika ishirini au thelathini, unaifunika sufuria vizuri, unaiweka ndani ya kikapu kilichojazwa pamba au vitambaa, unafunika na mto, unaenda kazini. Jioni maharagwe yamejipika yenyewe kwa joto lililofungwa. Yachemshe tena dakika chache kabla ya kula. Watu wa jengo letu walinicheka nilipoanza, sasa wawili wana vikapu vyao.

Na ukienda Shauri Moyo au Kamukunji kununua jiko, usinunue kwa rangi. Ligeuze, ugonge udongo na kifundo cha kidole. Ukilia kama kikombe cha chai, ni mzima. Ukitoa sauti ya kufa, una ufa. Pitisha kidole pale udongo unapokutana na bati, kusiwe na mwanya. Halafu muulize fundi ameweka nini katikati. Akisema simiti tupu, muulize mwenzake. Siku hizi wengine huweka simiti na majivu ili kupunguza gharama, na mmoja alinieleza kwa sauti ya juu, juu ya kelele zote zile, kwamba majivu yakiwa makavu na yamechekechwa yanashika joto vizuri, ila akiharakishwa na mnunuzi wa jumla humwaga tu udongo wa hapo chini. Kwa hiyo usiende Ijumaa jioni. Nenda Jumanne asubuhi, mwambie ni la kupikia nyumbani kwako, na usubiri alitengeneze ukiwa umesimama hapo.